Siku Niliyopima Kilima

Watu wakinisikia nikilalamikia mtandao wa vijijini hudhani nina kinyongo na nchi yangu. Sina. Nina kinyongo na mimi mwenyewe, na kidogo na baba yangu mdogo, Mungu amlaze mahali pema, ambaye siwezi kumsema sana kwa kuwa marehemu hawezi kujitetea. Mdogo wangu wa kike hakusoma chuo. Alifaulu, na vizuri tu, lakini chuo hakukiona, na sababu mojawapo ni tarakimu moja niliyoijaza kwa kidole changu mwenyewe kwenye kishikwambi cha watu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Makampuni ya simu yalikuwa yameshamwagika Sumbawanga mjini, kila moja likigombania ukuta wa kupaka rangi yake. Soko huria bwana, kampuni inakwenda inakotaka, na zilikotaka ni mjini na kando ya lami. Huko kwetu uwandani, ambako nyumba zimetenganishwa na mashamba ya mahindi na ulezi, nani apeleke mnara? Serikali ikasema itachangia gharama za minara kwenye vijiji ambavyo makampuni hayaoni faida, ila kwanza ijulikane ni vijiji gani havina mtandao. Hapo ndipo palikuwa na kichekesho. Ramani zilizokuwepo zilichorwa na makampuni yenyewe, na kwenye ramani zao Ufipa yote ilikuwa na mtandao, mpaka maporini ambako hata mchunga ng'ombe hapiti. Basi ofisi moja ikaajiri vijana wapite kijiji kwa kijiji wakapime upya. Mimi nikawa mmoja wao.

Tulipewa pikipiki, kishikwambi, simu ya kupimia na semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa parokia. Mtaalamu aliyetufundisha alitoka Dar na kijikoti chepesi, na ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kwetu ikamkomesha. Alifundisha akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Lakini alieleweka. Kijiji ukiandika mtandao "haupo", kinaingia kwenye foleni ya mnara. Ukiandika "upo", kinatoka. Ufike penye mkusanyiko wa watu, uweke simu, usome vijiti vya mtandao, ujaze. Kama kuna jambo la ziada, pana kisanduku cha maelezo. Alirudia mara tatu kuhusu kile kisanduku, maskini.

Kuna jambo moja yule mtaalamu hakulijua, na hakuna ambaye angemwambia. Sisi wakulima wa huku, waliotufundisha kujibu maswali ni malori. Zamani mahindi yalinunuliwa na serikali, mzani unakuja kijijini, umevuna kidogo umevuna kingi, unakuja. Kisha mzani ukakoma kuja. Wakaja wafanyabiashara na malori yao. Dereva anasimama njia panda, hata mlango hafungui, anauliza, "Kuna mzigo huko?" Mwaka mmoja, nikiwa darasa la tano, aliyekuwa amesimama pale njia panda alikuwa baba yangu, na baba alikuwa mkweli kupita kiasi. Akajibu kwamba mwaka huu hatukuvuna sana. Lori likageuza pale pale. Halikurudi msimu mzima, na hicho kidogo tulichovuna kikaliwa na dumuzi ghalani. Kijiji kilimsema baba mpaka akawa hapendi kwenda kilabuni.

Tangu hapo kila mtu alijua la kujibu. Mgeni akija na chombo cha moto na karatasi, akiuliza kama kitu kipo, unasema kipo, tena kwa wingi, hata kama ghala lina panya watupu. Nilipoanza kazi nilikutana na jibu hilo kila mahali, kuanzia Kasense mpaka upande wa Msanzi. "Mtandao upo?" "Upo! Tena mkali!" Na simu yangu ya kupimia haioni hata kijiti kimoja. Kwa wafugaji waliotoka kaskazini ilikuwa kinyume kabisa, wao walizoea kwamba ukihesabiwa unahamishwa. Mzee mmoja aliniambia hana simu, hana mke, hana ng'ombe, na nyuma yake ng'ombe wamejaa zizi wananitazama. Nilicheka mpaka machozi. Nikajifunza kutosikiliza mdomo wa mtu, nipime tu niondoke, na kwa vijiji vya watu wengine niliifanya kazi hiyo kwa haki kabisa.

Halafu ikafika zamu ya kijiji chetu.

Baba alikuwa ameshafariki. Aliyebaki kama mzazi wetu wa kiume ni mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mama alinipokea kwa shangwe, akaniandalia ugali wa ulezi na maharage, akanikataza kupima chochote kabla sijala. Mdogo wangu alikuwa likizo, kidato cha tatu wakati huo, yule ndiye aliyekuwa na kichwa katika familia yetu. Alikaa pembeni yangu akiniuliza maswali mengi kuhusu kishikwambi kuliko hata yule mtaalamu alivyokuwa tayari kuyajibu.

"Kwa hiyo kaka, ukiandika haupo, wanaleta mnara?"

"Wanaleta. Itachukua muda, lakini wanaleta."

"Basi hapa ni rahisi. Andika haupo. Mimi nikimaliza kidato cha sita nataka kuomba chuo nikiwa hapa hapa nyumbani, sitaki kulala kwa watu mjini."

Nikamwambia sawa. Nilimwambia kabisa, sawa.

Nikaenda shuleni, simu ikaonyesha sifuri. Nikaenda zahanati, sifuri. Nikiwa bado pale zahanati nikamsikia baba mdogo anakuja anahema, amevaa lile koti lake la vikao.

"Wee kijana, unapima wapi? Huku unaona watu?"

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nakuuliza, karatasi yako imesema upime wapi?"

"Penye mkusanyiko wa watu."

"Haya. Watu wako wapi?"

Nikatazama. Shule imefungwa, likizo. Ofisi ya kijiji ina kufuli. Zahanati yuko mama mmoja tu kitandani na mtoto wake anayekohoa. Watu wote, nasema wote, walikuwa juu kilimani. Nyuma ya kijiji chetu kuna kilima, na juu yake kuna jiwe pana, na hapo tu ndipo simu zilikuwa zinashika kutoka mnara wa mbali. Wenyewe walipaita Posta. Kulikuwa na nguzo iliyopigiliwa kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu, unaweka simu humo ndani haitikisiki, unasubiri. Kulikuwa na magogo ya kukalia. Wazee walikwenda na makoti, akina mama na vitenge vyao wamejifunika mpaka masikio, wanangoja zamu. Ukipiga simu pale kila mtu anasikia, nani anadaiwa, nani ameachwa, mtoto wa nani amepotelea Mbeya. Kwa kweli kama ulitaka mkusanyiko wa watu katika kijiji chetu, ulikuwa ni pale na si pengine.

Nilijua. Jamani, nilijua. Watu walikusanyika pale kwa sababu kwingine kote hakukuwa na mtandao. Mtoto mdogo angeliona hilo. Lakini nikamfuata baba mdogo kupanda kilima, na nyuma yetu akaja mdogo wangu, na tulipofika kila mtu akageuka kunitazama, kijana wao mwenye buti na pikipiki ya ofisi.

"Pimia hapa," baba mdogo akasema.

"Baba mdogo," mdogo wangu akaingilia, kwa heshima zote, "akipimia hapa ataandika upo. Akiandika upo hatupati mnara."

"Nyamaza wewe. Unajua biashara wewe? Hawa ni wafanyabiashara. Ukimwambia huku hakuna mtu anayepiga simu, atakuja kumuuzia nani? Akiona watu wamejaa hivi ndipo ataona kuna mzigo. Halafu kijana wetu ataandikaje kwamba kwa baba yake ni pori?"

"Lakini hawa si wale wa malori."

"Nimesema nyamaza!"

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Upo! Andika upo mwingi!" na wengine wakaitikia. Nikaweka simu ndani ya kopo. Vijiti vinne. Kidole changu kikagusa "upo", kikagusa nne. Kisanduku cha maelezo kikafunguka, kimekaa pale kinasubiri. Ningeweza kuandika maneno sita tu, kwamba kijijini chini hakuna, ni kilimani tu. Nikakifunga. Niliogopa kumpinga baba mdogo mbele za watu, hilo ni kweli, lakini si lote. Nilipenda walivyonitazama. Sikutaka kuwa mtoto wa yule aliyesema hatukuvuna sana. Mdogo wangu aligeuka akashuka peke yake.

Ningekuwa nimekosea hapo tu, pengine ningejisamehe. Lakini baada ya wiki chache msimamizi wetu akatuita ofisini, akasema mwenye kijiji alichokosea alete marekebisho kabla ya Ijumaa, kwa maandishi, na maelezo ya kwa nini alikosea. Mezani kwake kulikuwa na mikataba ya awamu ya pili, ya bonde la Rukwa. Nikaitazama mikataba. Nikafikiria kuandika kwamba nilipima kilima kwa kumwonea haya baba mdogo. Ijumaa ikafika, ikapita, nikasaini mkataba wangu. Hilo sikumwambia mtu.

Ramani mpya ikatoka. Kijiji chetu kikapakwa kijani. Mnara ukaenda kijiji cha ng'ambo, ambako mwenyekiti wao siku ya kupima alikuwa amelewa, hakuweza kuongoza mtu popote, mpimaji akapima shuleni akaandika sifuri. Huo ndio uongozi uliowaletea maendeleo. Na kwa kuwa kati yetu na wao kuna mlima mwingine mrefu kuliko kilima chetu, mnara wao sisi tuliuona mng'ao wa taa tu usiku.

Mdogo wangu akamaliza kidato cha sita. Alifaulu, mama akapiga vigelegele akiwa shambani peke yake. Nikamleta mjini, tukakaa steshenari siku nzima tukijaza maombi ya chuo na ya mkopo, maana bila mkopo chuo kwetu kilikuwa ndoto. Chuo kikamkubali. Nikamwambia arudi nyumbani amsaidie mama kuvuna, maombi ya mkopo ataangalia kwa simu, nami nikateremka Ilemba, kazini. Awamu ya pili hiyo, iliyokuwa imecheleweshwa na fedha miaka mitatu. Huko bondeni nilikaa wiki nyingi nikipima vijiji visivyo na mtandao, na mimi mwenyewe simu yangu haipatikani.

Yeye alikuwa anapanda kilima kila asubuhi. Kwa kupiga simu palifaa. Kwa kufungua ukurasa, kwa mnara ule wa kizamani, sahau. Aliniambia baadaye, alikuwa anaweka simu kwenye kopo, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, watu nyuma wanamwambia haya binti, ondoa, na sisi tuna shida zetu. Siku moja maneno yakatokea juu ya ukurasa, "Ombi lako lina kasoro", chini yake pakabaki peupe. Kasoro gani? Arekebishe mpaka lini? Alijaribu siku nne. Alinipigia, sipatikani. Siku ya tano akapanda lori la mbao mpaka mjini. Kijana wa steshenari akafungua ukurasa wote kwa dakika moja. Cheti cha kifo cha baba kilikosa muhuri. Muda wa kurekebisha ulikuwa umekwisha juzi yake.

Juzi! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nashikwa na hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Tulisema ataomba tena mwakani. Mwakani alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kijana mmoja aliyekuwa anakuja Posta kuwachajia watu simu kwa sola. Kijana akaondoka, ile sola akaiacha. Mdogo wangu akaichukua. Akajenga kibanda cha mbao pale pale juu ya jiwe, akauza vocha, akachaji simu, akawa wakala wa pesa, akaongeza chai na maandazi. Kwa kuwa kila mwenye shida alilazimika kupanda pale, biashara ikashika. Ndiyo iliyomlea mwanawe na kumtunza mama. Watu wakamsifu kwa ujanja. Mimi nikawa nikimtembelea nashindwa kukaa, yule aliyekuwa na kichwa katika familia anapuliza moto wa maandazi kwenye upepo ule, macho mekundu kwa moshi.

Miaka ikapita, baba mdogo akafariki, ikatangazwa kwamba ramani itasahihishwa. Kijiji kinachoona kimeandikwa vibaya kilete barua yenye sahihi za wakazi, na aliyepima mwanzo, kama yupo, aeleze. Walimu wa shule yetu walikuwa wamechoka kupanda kilima kutuma taarifa zao, muuguzi amechoka kupanda usiku na mchana kupiga simu ya kuita gari. Nikaona hapa ndipo nitakapolipa. Nikaandika maelezo yangu yote, kurasa mbili, kilima, kopo, baba mdogo, ile Ijumaa. Nikaenda kijijini na barua. Watu wakasaini mpaka karatasi zikaisha. Nikapanda kibandani kwa mdogo wangu mwishoni, nikijiambia kwamba atafurahi.

Aliisoma barua, kisha maelezo yangu. Alisoma taratibu. Alipofika pale kwenye Ijumaa akainua uso.

"Mlipewa nafasi ya kurekebisha?"

"Tulipewa."

"Ukajua, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mimi miaka yote hii namlaumu marehemu baba mdogo." Akaikunja barua, akanirudishia. "Sisaini."

"Dada, ni kwa ajili ya kijiji. Watoto wa shule..."

"Mnara ukisimama shuleni, nani atapanda huku juu kununua vocha kwangu? Eti? Nani? Chuo ulikinyamazia. Sasa kwa kibanda changu ndiyo umepata mdomo?"

Nilimwambia nitamtafutia kitu cha kufanya mjini. Alicheka, kicheko kibaya, akamgeukia mteja.

Nilishuka na barua isiyo na sahihi yake. Ningeweza kuichana. Nilifikiria wale watoto wa shule, nikafikiria na yeye, na sitasema uongo kwamba nilifikiria sana; nilitaka kuutua mzigo wangu. Kesho yake nikaipeleka ofisini. Kijani kikafutwa, na baada ya misimu miwili mafundi wakaja, wakasimamisha mnara nyuma ya shule.

Siku ulipowashwa nilikuwa mjini. Nilikuwa nimeshika simu tangu asubuhi nikisubiri mtu yeyote wa nyumbani aniandikie. Jioni ujumbe ukaingia kwa mtandao, wa kwanza kabisa kutoka kijijini kwetu, na ulitoka kwake. "Kaka, leo nimefunga kibanda. Mama anakusalimia."